Miguu Minane katika Bwawa la Lukande

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na aibu zao, palikuwa na bwawa liitwalo Lukande. Kando yake aliishi Nguchiro. Nasema Nguchiro, watoto, si Kicheche. Kicheche hunuka, na huyu hakunuka. Alikuwa mdogo, mwepesi, mwenye mwandiko mzuri, na kwa hiyo alikuwa karani wa Baraza.

Siku hizo maji yaligawanywa kwa mila. Mila ni sheria isiyoandikwa; kila mmoja huikuta kwao anapozaliwa. Mila ya Lukande ilisema: mwenye mtoto mchanga hunywa kwanza.

Mwaka mmoja mvua ikakosa, bwawa likapungua. Tembo na Kiboko, wajumbe wa Baraza, wakamwita karani.

"Andika mswada," akasema Tembo. "Wadogo wasinywe mpaka sisi wakubwa tumalize."

"Na mila, mzee?"

"Mila imeandikwa wapi? Nionyeshe karatasi yake."

Kiboko akacheka, hu-hu-hu. "Usiogope, kijana. Wewe si mdogo, wewe ni karani. Utakunywa pamoja nasi."

Nguchiro akasikia raha kuambiwa si mdogo. Akaandika.

Huko Lukande kila mswada ulisomwa siku tatu, mbele ya wote. Wajumbe wakikubali, hupiga mguu chini. Siku ya tatu Simba, mwenyekiti, hutia alama ya kiganja chake, na mswada ukawa sheria. Basi ukasomwa. Tu! Tu! Tu! Simba akatia kiganja. Kisha Baraza likampa Fisi, mlinzi wa bwawa, ruhusa ya kutunga sheria ndogo chini ya ile kubwa. Fisi hakukawia: mdogo atakayekutwa ukingoni mapema atanyang'anywa kibuyu.

Siku ya nne Bibi Pimbi akabisha hodi kwa Nguchiro. Huyu ndiye aliyembeba Nguchiro mgongoni mama yake alipofariki. Sasa mgongoni alikuwa na mjukuu mchanga, ulimi umemkauka.

"Karibu ukae, bibi."

"Sikai. Fisi amechukua kibuyu changu. Nikangoja wakubwa wamalize, nikakuta tope. Wanasema ni sheria. Nimekuja kuuliza, nani aliiandika?"

"Baraza, bibi."

"Baraza lina mwandiko mzuri hivyo?"

Nguchiro akatazama vidole vyake. Vilikuwa bado na wino. Akavificha nyuma, kisha akaleta mtungi wake. Bibi Pimbi akamtilia mtoto matone matatu mdomoni, akaurudisha.

"Chukua wote, bibi."

"Hapana, mwanangu. Haya ni maji ya wakubwa."

Akaondoka. Nguchiro hakula siku ile.

Asubuhi akaenda barazani. "Waheshimiwa, nina jambo. Wako wanaotia miguu bwawani. Mnakunywa maji yaliyooshewa nyayo."

"Vijiguu vile vya kukwaruza mavumbi?" akasema Kiboko, akatema mate, ptu. "Ndiyo maana tumbo langu halitulii."

"Tumbo lako halijatulia tangu uzaliwe," akasema Tembo. "Lakini itungwe sheria. Karani, adhabu iwe nini?"

"Napendekeza hivi: mnyama yeyote atakayetia mguu bwawani, atakunywa wa mwisho."

"Nyuma ya wadogo wenzake. Safi sana. Andika."

Ukasomwa siku ya kwanza. Liliposomwa neno "yeyote", Tembo akamtazama Chura. Ukasomwa siku ya pili, Kiboko akamtazama Pimbi. Siku ya tatu Nguchiro akauliza, "Kuna mjumbe mwenye swali juu ya neno 'yeyote'?"

"Soma, kijana, jua ni kali," akasema Kiboko.

Tu! Simba akatia kiganja.

Kesho yake Kiboko akashuka bwawani kama kawaida: chubwi! Tembo akaingia hadi magotini, akavuta maji, fyuuu. Simba alikuwa ukingoni, akinywa kwa kuinama, miguu mikavu, kama ilivyo desturi ya jamii yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Nguchiro, "naona miguu minane majini."

"Ya wadogo gani?"

"Si ya wadogo, mheshimiwa."

Kiboko akatoa kichwa. "Lakini mimi naishi humu!"

"Ulipiga mguu mara tatu, mzee. Ni huohuo ulio majini."

"Sheria ya kwanza inasema sisi ndio tunaotangulia," akasema Tembo.

"Sheria mbili zikigongana, mzee, hufuatwa iliyotungwa baadaye. Hii ni ya jana."

Simba akaitazama alama yake kwenye karatasi. "Kiganja ni changu," akasema taratibu. "Tokeni. Mtakunywa wa mwisho."

"Basi ifutwe leo," akasema Tembo.

"Sheria hufutwa kama ilivyotungwa. Siku tatu, mbele ya wote. Nisome nini, mzee? Kwamba miguu iliyokatazwa ni midogo peke yake?"

Tembo akageuka. Wadogo walikuwa wamejaa juu ya mawe, wakimtazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Masikio yake makubwa yakalegea, maji yakamdondoka mkongani, to, to, to.

"Soma kwamba zote mbili zifutwe," akasema kwa sauti ndogo. "Mila irudi."

Siku tatu Tembo na Kiboko walikunywa tope. Siku ya tatu jioni Simba akatia kiganja, sheria zote mbili zikafutwa, na sheria ndogo ya Fisi, iliyozaliwa na ile ya kwanza, ikafa nayo. Fisi akakirudisha kibuyu, macho chini.

Asubuhi Bibi Pimbi akamwita Nguchiro. "Njoo unywe, mwanangu. Umetusaidia."

"Bado, bibi."

"Si sheria imefutwa?"

"Imefutwa. Lakini mwandiko ule ulikuwa wangu."

Akaenda kukaa nyuma ya Tembo na Kiboko, akanywa wa mwisho, wala hapakuwa na sheria iliyomtaka afanye hivyo.

Basi watoto, nimemaliza, na neno langu ni hili: atungaye sheria na aisome kwanza kana kwamba jina lililomo ni lake.