Kwato Mbili za Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, twiga akiwa bado na shingo ya kawaida, na msinibishie, wanyama walikuwa na mawakili. Ukinyang'anywa shimo, unakwenda kwa wakili. Ukikanyagwa mkia, unakwenda kwa wakili. Nyumba kubwa za mawakili zilikuwa mbili. Ya Mzee Kobe, kesi za mashamba na mirathi, polepole, polepole. Na ya Bwana Nyegere, kesi za ugomvi, kwaru kwaru, mpaka simba anaomba radhi.

Kila mwaka kila nyumba ilichukua mwanagenzi mmoja. Mmoja tu. Ukiitwa, unakuta udongo mbichi mlangoni. Ukikubali, unakanyaga, pwaa. Nafasi ni yako. Udongo ukikauka hujakanyaga, anaitwa anayekufuata.

Basi palikuwa na Digidigi na Pimbi. Walisoma sheria pamoja miaka mitatu, juu ya jabali moja. Digidigi akisahau, Pimbi anamkumbusha. Mvua ikinyesha, wanajibana pango moja. Digidigi hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Wakaomba nafasi. Mzee Kobe akamwita Digidigi. Pimbi akaambiwa yeye ni wa pili, asubiri. Lakini moyo wa Digidigi ulikuwa kwa Nyegere, na Nyegere hajajibu, na udongo wa Kobe unakauka. Afanyeje? Akakanyaga kwa ukwato wa kulia. Pwaa.

Siku ya tatu, Nyegere naye akamwita. Digidigi akaenda, akakanyaga kwa ukwato wa kushoto. Pwaa.

Pimbi akamuuliza amechagua wapi.

"Ndugu yangu, miguu ninayo minne," akasema Digidigi. "Nimetumia miwili tu."

"Mimi nasubiri mlango mmoja."

"Subiri kidogo. Nitaamua."

Kesho ikaja, hakuamua. Kesho kutwa ikaja, hakuamua. Utamu wa kutakiwa na wawili, jamani, mimi naujua, wasichana wawili wa kijiji kimoja waliwahi kunigombania. Kila asubuhi Pimbi alishuka mpaka mlangoni kwa Kobe, akatazama alama ya ule ukwato, akapanda tena jabalini. Siku ya saba hakushuka. Alifunga kifurushi chake, akashika njia ya kwa wajomba zake, ng'ambo ya nyika. Digidigi hakumwona akiondoka. Alikuwa kwa fundi, anapimwa joho.

Siku ya kuanza kazi ikafika. Siku hiyo hiyo Ngiri na Nungunungu walikuwa na kesi ya shimo. Kobe anamtetea Ngiri, Nyegere anamtetea Nungunungu. Hakimu Tembo akataka kila wakili amtaje mwanagenzi wake.

"Wangu ni Digidigi," akasema Kobe.

"Wangu ni Digidigi," akasema Nyegere.

Nzi akapita, zzz. Digidigi amesimama katikati na joho jipya, hajui ageukie wapi.

Nyegere alicheka kwanza, kisha akasema huyo hamtaki hata kwa kufagia. Kobe alichukua muda wake, kama kawaida. Naye akasema hamtaki. Halafu akamsogelea.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Udongo huongezwa maji. Ningekulowanishia siku saba."

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza."

Digidigi akakumbuka kwamba sasa nafasi ya Kobe iko wazi, na wa pili ni Pimbi. Akakimbia, pu pu pu, joho likabaki miibani. Akafika jabalini, akaita. Pimbi, njoo, nafasi ni yako. Jabali likamrudishia sauti yake mwenyewe. Akaingia pangoni. Upande wa Pimbi nyasi zilikuwa zimeshainuka, kama hazijalaliwa na mtu.

Akakaa mlangoni. Akangoja mvua ya kwanza, akangoja ya pili. Akalia hata machozi yakamchoma chini ya macho, yakaacha weusi. Mtazameni digidigi leo, weusi ule mtauona.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukipewa nafasi mbili, chagua moja na nyingine uiachie mapema, maana nyuma yako kuna mtu amesimama. Na ukitaka muda, omba muda.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango, na Digidigi bado anatazama njia.