Kinu cha Bi Msimu

Hapo zamani, katika mji uliolala ukinukia asmini, ilisikika sauti moja usiku: ndu!

Moja tu. Watu wakageuka vitandani wakingoja ya pili. Ya pili haikuja. Alfajiri wakamkuta Bi Msimu ameegemea kinu, mchi mkononi, amekufa. Wakamzika kabla ya adhuhuri.

Bi Msimu ndiye aliyetengeneza singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo anaosuguliwa bibi harusi siku saba mpaka ngozi ing'ae. Alitwanga usiku, kwa sababu asmini hufunguka usiku, na kwa sababu usiku hakuna wa kumchungulia. Hakumfundisha mtu. Hakuwa na mtoto.

Matangani, mama yake Salha alilia, akafuta machozi, akasema, "Mungu amlaze pema. Na singo ya mwanangu?"

Harusi ya Salha ilikuwa imebaki siku nane.

Sasa sikieni desturi ya mji ule. Kwa siku saba jina la mtengeneza singo halitajwi, lisije likapigwa kijicho. Siku ya saba wanawake humnusa bibi harusi mkono, humwuliza, "Nani kakusinga?" Naye hutaja jina moja, mara moja. Anayetajwa hukabidhiwa kinu, na mabibi harusi wote wa mji huwa wake. Yeye hula. Wengine hutazama.

Wakaja wanawake watatu kwa mama yake Salha.

Wa kwanza Kazija, mchuma maua. Akasema, "Mimi nilimpelekea kila kitu. Najua kilichoingia kinuni. Sijui kilivyofuatana."

Wa pili Mwanamize, jirani, aliyeachwa na mume, akabaki na watoto wanne, wala usingizi hapati. Akasema, "Kitanda changu kimegusa ukuta wake. Najua mapigo yote. Sijui alikuwa anatwanga nini."

Wa tatu Bikombo, msugua mabibi harusi. Akasema, "Mikono yangu inaijua singo ikishaiva. Sijui ilivyofika huko."

Wakaanza, kwa kinu kile kile cha Bi Msimu. Kazija akatia asmini. Mwanamize akafumba macho, akatwanga.

"Siyo. Ya mwanzo ilikuwa inalia kavu."

Kazija akatoa asmini, akatia karafuu.

"Hiyo hiyo!" Mwanamize akapiga mapigo mia na ishirini, akakohoa, akaendelea.

"Una kifua, shoga?" akauliza Kazija.

"Bi Msimu alikuwa anakohoa hapa. Sitaki kuharibu."

Bikombo akajipaka mkononi. "Inakwaruza. Utamchuna mtoto wa watu. Tena."

Wakatwanga tena. Mwanamize akakohoa tena. Usiku kucha, mpaka Bikombo akasema, "Ndiyo."

Siku saba Salha akasuguliwa. Siku saba akazidi kung'aa, hata shangazi wa bwana harusi, ambaye hakupata kukisifu kitu maishani mwake, alimtazama akakosa la kukosoa.

Asubuhi ya siku ya saba, uani, kinu kikiwa katikati, watatu wale wakageukiana.

"Bila maua yangu," akasema Kazija, "mngetwanga hewa. Kinu kikienda kwa mwingine, asmini zangu nimuuzie maiti?"

"Na bila masikio yangu," akasema Mwanamize, "Salha angesuguliwa majani kama anapikwa. Wewe una bustani, dada. Mimi nina midomo minne nyumbani."

"Maua na kelele," akasema Bikombo. "Ngozi ya bibi harusi imemjua nani? Ni mkono huu. Kazi nyingine haujui. Mnataka nikasugue masufuria?"

"Masufuria nayo yatang'aa," akasema Kazija.

Wanawake wakaingia. Wakamnusa Salha mkono, mmoja mmoja, wakafumba macho, mmoja mmoja. Kisha mama yake akauliza, "Haya mwanangu, nani kakusinga?"

Kazija akasogea mbele. Mwanamize akasogea mbele. Bikombo akasogea mbele.

Salha akawatazama wote watatu. Akauinua mkono wake, akaunusa, akakaa nao puani muda mrefu.

Akasema, "Msimu binti Faki."

Basi nyinyi mliokaa hapa, jina limeshatajwa, na halitajwi mara mbili. Kinu kipo katikati ya ua, na mwezi ujao kuna harusi nyingine. Je, nani alistahili kukibeba?