Sahani Iliyokuja Tupu

Sogeeni, hadithi imebisha hodi, nami naifungulia.

Bikombo alikuwa na sahani aliyopewa na jini. Kila akipika humpelekea shoga yake Mwanakheri, naye huirudisha na chochote, maana kwao sahani hairudi tupu. Ila huongeza utani. Mara ya kwanza: "Shoga, umepika mawe!" Mara ya pili: "Shoga, umepika matope!" Mara ya tatu: "Ndiyo maana mume kakukimbia!" Bikombo akacheka, huku ameinamisha macho.

Siku ya Idi sahani ikaja tupu kwa Mwanakheri. Mbele ya wageni wake ikapaza sauti ya Mwanakheri mwenyewe: "Ndiyo maana mume kakukimbia!" Wageni wakaacha kutafuna.

Mwanakheri akaijaza biriani, akaenda kwa Bikombo, uso umemshuka. "Shoga yangu, nilikuwa natania."

"Iweke hapo, jirani."

Hadithi yangu inaishia mlangoni. Mwanakheri bado amesimama.