Kwa Nini Wanautando Hupeana Mikono Kwanza

Kaeni karibu nisikie pumzi zenu, maana nikiinamia ukili wangu wa mkeka kuna watu huondoka kimyakimya. Nawajua.

Hapo kale, utando wa kijani ulio chini ya dimbwi letu ulikuwa mweupe kama uji. Ndani yake waliishi Wanautando, watu wadogo kuliko vumbi, na kazi yao ilikuwa moja: kushikana safu, kuidaka nuru inayodondoka toka juu na kuipitisha mkono kwa mkono hadi jikoni kwa mama yao, Bi Chanikiwiti. Nuru isipofika, moto huzima, naye hufa.

Basi nuru ikawa haifiki. Ilipotea katikati ya safu. Mama akaanza kutetemeka, na wanawe wakatazamana kwa pembe ya jicho. Nani anaila? Wakamweka Zumo awe msimamizi, akawapekua hadi vinywani. Hakuona kitu, lakini msimamizi asiyeona mwizi hujitafutia wake. Akamkamata Nyangu, kwa kuwa nuru ilipotelea kwake.

“Sijaila,” Nyangu alisema. “Mwenzangu hanishiki.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Zumo akawaambia watu. Wakamtupa Nyangu juu kwenye jua kali, akakauka. Hadi leo namwonea uchungu.

Nuru iliendelea kupotea palepale. Mama hakuweza tena kusema. Ndipo Mwasiti, dada yake Nyangu, akasimama mahali pa nduguye, akamnyooshea jirani mkono. Ukateleza. Akatazama vizuri: sura zao zilikuwa moja, kama mtu na kioo, ila mkono wa jirani umeotea kushoto na wake kulia. Ninyi mnaosuka, hebu shoneni ukili wa kushoto na wa kulia muone mkeka utakavyopinda.

Hakumwomba Zumo ruhusa. Alipita akiwashika mikono mmoja mmoja, nao wakimshuku. Wa kulia wakabaki naye, wa kushoto wakaenda kwa wenzao. Safu zote mbili zikajikunja zenyewe, moja huku, nyingine kule, bila kuamriwa na mtu. Nuru ikapita, moto ukawaka, utando ukawa kijani.

Bi Chanikiwiti akafumbua macho. “Nyangu yuko wapi?”

Mwasiti akamwonyesha kwa kidole kule juu, kwenye jua kali.

Na tangu siku hiyo Wanautando hawana msimamizi, hujipanga wenyewe. Wakikutana hupeana mikono kwanza. Mkono ukiteleza, humwonyesha mwenzao safu yake, wala hawamwiti mwizi.