Waganga Watatu wa Mgongo wa Nyamizi

Mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na majaruba mawili ya mpunga na mgongo uliokataa kazi. Ukimwona amesimama ungesema mzima. Mwambie ainame, ndipo ungeona anavyoshika kiuno. Na mpunga, ndugu zangu, haupandikizwi kwa kusimama. Huko kwao mfereji ulikuwa na sheria yake: maji yakishafunguliwa, jaruba lisilopandwa ndani ya siku kumi na nne hupewa mtu mwingine. Nyamizi alikuwa mjane, na majaruba hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba yake. Hakuwa na kingine.

Basi akahangaika. Mwezi mmoja kabla ya maji alikwenda kwa Tabibu Ng'wandu, mtu mpole wa zahanati, aliyemchoma mgongoni sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, akaziacha kwa muda kisha akazichomoa. Maumivu yalitulia siku mbili, yakarudi. Akaenda kwa Bibi Kabula, mkandaji, mwenye mikono inayojua palipokaza. Pakalegea, pakakaza tena. Akaenda hospitali kwa Mama Veneranda, anayefundisha mazoezi ya viungo, akaonyeshwa namna ya kuinua nyonga akiwa amelala chali na namna ya kuinama kwa kukunja magoti. Huko nako nafuu ilikuja ikaondoka.

Sasa sikilizeni kosa lake, nanyi msimcheke. Kijijini kwao, mtu aliye mikononi mwa mganga mmoja akionekana kwa mwingine, amemtukana yule wa kwanza. Nyamizi aliona haya. Kwa hiyo aliendelea kwenda kwa wote watatu, na kwa kila mmoja akaapa kwamba hana mganga mwingine. Akitoka kukandwa alijisugua kwa sabuni, asije akanukia mafuta mbele ya tabibu. Wahenga walimwonya anayeficha maradhi. Huyu hakuficha maradhi, alificha dawa, na mambo yakaharibika vilevile. Siku moja Bibi Kabula alimkandamiza kwa nguvu saa chache tu baada ya sindano, kwa kuwa hakujua. Alasiri ya siku hiyohiyo Mama Veneranda akamwongezea mazoezi, naye hakujua. Kulipokucha Nyamizi hakuweza kuinuka kitandani. Maji yalikuwa yamefunguliwa, na hiyo ilikuwa siku ya tano.

Bibi Kabula alisikia, akaja na chupa yake ya mafuta. Alipomfunua mgongo aliona alama ndogondogo za sindano, mbichi kabisa. Nyamizi akafumba macho akingojea matusi. Yule bibi akasema, "Mwanangu, mimi nalegeza nyama tu, kukufundisha kuinama siwezi, ungeniambia una watu wengine ningemshukuru Mungu, maana mgongo wako ulikuwa unanishinda."

Nyamizi akalia. Hakulia kwa maumivu, maana hayo alikwisha kuyazoea; alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akasema yote, hata habari ya sabuni, na Bibi Kabula akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kwa wale wawili. Wakakubaliana mambo mepesi tu: kwanza apumzike, halafu sindano za kutuliza maumivu, kesho yake mkono mwepesi wa Bibi, na mazoezi kidogokidogo kila asubuhi. Siku ya tisa Nyamizi alikunja magoti kama alivyofundishwa, akapandikiza mstari wa kwanza. Alipumzika mara nyingi. Siku ya kumi na nne msimamizi wa mfereji alipita, akaona miche imesimama katika majaruba yote mawili, akamwamkia na kuendelea na njia yake. Mgongo haukupona wote, kukiwa na baridi bado ulimsumbua, lakini mwaka ule nyumba yake ilikula wali wa shamba lake.

Nawe unayezunguka kuomba msaada huku na huku, ukimpa kila mmoja kipande cha ukweli na kumficha kilichobaki: usipopona, utamlaumu nani?