Chui Aliyejitwika Jiwe Bondeni

Nina ngano mkononi!

Ifungue tuione!

Je, inauma?

Wewe shika kichwa, sisi tutashika mkia!

Basi palikuwa na Chui. Alitoka nchi tambarare ya joto, akapanda, akapanda, akapanda mpaka nyanda za juu, kwa kuwa alisikia kwamba huko pimbi wamenona. Akashukia bonde lenye nguzo za udongo, nyembamba, ndefu kupita miti, kila moja na jiwe lake kichwani. Chui hakuwa ameona kitu kama hicho. Akakuna kichwa, kuru kuru kuru.

Lakini njaa ilikuwa kali. Kwenye mwanya wa mwamba akamwona Bi Pimbi anaota jua. Chupu! Akambana chini ya kiganja, akamlamba shingo kuonja.

Bi Pimbi hakupiga kelele. Watoto wake watatu walikuwa ndani ya mwanya, naye hakutaka watoke. Akamwamkia mgeni vizuri, akamuuliza habari za huko chini, za mvua, za mama yake. Kisha akamkumbusha desturi ya bonde: mgeni hatii kitu mdomoni kabla mwenyeji hajamsimulia mahali palivyotokea. Chui alikuwa amelelewa. Mama yake alimfundisha kuheshimu wenyeji. Akasema haya, simulia, ila upesi.

"Nguzo hizo, mwanangu, zilikuwa chui," akasema Bi Pimbi. "Walikula kabla ya kuuliza. Wakageuka udongo, kuanzia miguuni."

Chui akatazama miguu yake. Akauliza kama hayo ni kweli.

"Wazee ndivyo wasemavyo. Waliosoma wanasema vingine."

Akamweleza kwamba wasomi walikuja na nyundo ndogo, wakagonga, ko ko ko, wakaonja udongo kwa ncha ya ulimi. Wakasema bonde lilikuwa ziwa. Ziwa likakauka, likaacha udongo. Mvua ikaukata udongo mwaka baada ya mwaka, ukaenda na maji, chururu. Ukabaki ule tu uliofunikwa na jiwe.

Chui akakuna kichwa, kuru kuru kuru. "Sasa ni chui au ni udongo?"

"Kwa sasa ni udongo. Hapo wazee na wasomi wanakubaliana."

"Na nikikula wewe?"

"Kwa wazee, utageuka udongo. Kwa wasomi, udongo usio na jiwe unakwenda na maji."

"Mimi sijala. Nimelamba tu."

"Kulamba," akasema Bi Pimbi, akafikiri kidogo. "Wazee bado wanabishana. Wasomi hawajapima."

Tone la mvua likamdondokea Chui puani, to! La pili, la tatu, to, to! Mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika mlima. Chui akazitazama nguzo. Zenye mawe zilikuwa zimesimama. Zilizoangusha mawe zilibaki vilima vidogo vya tope. Hakujua amwamini nani, ila jiwe aliliona ni salama kwa pande zote mbili. Akaokota jiwe bapa, akajitwika. Likateleza. Akalishika kwa mguu mmoja wa mbele. Likateleza. Ikabidi alishike kwa yote miwili, asimame wima kwa ya nyuma. Na Bi Pimbi, huyo, pukupuku, mwanyani.

Mvua ikaja, shaa shaa shaa. Kichwa kikamwasha Chui, naye hakuwa na cha kukikunia. Akauliza kwa sauti asimame hivyo mpaka lini.

"Wazee wanasema mpaka mvua ikatike," Bi Pimbi akajibu kutoka ndani. "Wasomi wanasema miaka elfu."

Mvua ikakatika. Chui akatazama chini, asiione miguu. Tope tupu mpaka magotini. Je, tope lile lilishuka kutoka juu, au ndiyo miguu yenyewe? Hakuthubutu kuinua hata mmoja ajue.

Watoto wa Bi Pimbi wakatoka kula majani mabichi. Wakapita karibu naye. Yule mdogo akauliza hiki nacho ni nini. Mama yao akawaambia wamwamkie tu wapite, mgeni bado anafikiri.

Ngano nimeitua hapa, bega limechoka. Aliyeipenda na aibebe.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: mwenyeji akikusimulia habari za kwao, sikiliza yote, usimkatize, amini kila neno. Chui alifanya hivyo, na hadi leo hajageuka udongo.