Aikande, Mumewe na Ndafu wa Sendofu

Kama huwa unaendesha gari huku mwenza wako amekaa pembeni, soma hii kwanza, kisha mrushie na yeye.

Aikande alikuwa na leseni na gari, ila gari lenyewe lilijua njia mbili tu: ya sokoni na ya kanisani. Si kwamba hakufundishwa. Mumewe, Mzee Eliringia, dereva wa malori mstaafu, alimfundisha, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Breki! Breki, mwanamke! Hayo macho ni ya nini?" Mwishowe Aikande akaona isiwe tabu, safari nyingine zote akawa anapanda bajaji.

Ikaja sendofu ya mpwa wake, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Aikande ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayesimamishwa mezani kama keki, bibi harusi awalishe wakwe. Dereva aliyekodiwa akazima simu. Eliringia naye mguu umefungwa plasta. Wakwe wameshakaa ukumbini Mikocheni, na sendofu ya Wachaga bila ndafu ni aibu itakayosimuliwa mpaka Rombo.

"Naendesha mwenyewe," Aikande akasema, akachukua funguo.

Binti yake akamwekea ramani kwenye simu. Eliringia akapakiwa nyuma, kamkumbatia ndafu asianguke.

Ubungo, penye zile barabara za juu, Aikande akapitiliza kona. Eliringia akavuta pumzi afoke. Lo, simu ikamtangulia: "Endelea mbele. Kisha geuka kushoto."

Basi! Hakuna "wewe huoni?", hakuna "si nilikwambia?" Aikande akageuka kushoto, njia ikapatikana. Sinza akakosea tena, akaelekezwa tena, kwa sauti ileile. Mabega yakamshuka. Akaanza hata kuwapigia honi bodaboda, roho kwatu.

Walipokaribia kufika, simu ikaisha chaji.

"Mungu wangu! Naenda wapi sasa?"

Eliringia alizijua njia zile zote, na mdomo ulikuwa unamwasha. Akakohoa, akalainisha sauti kama yule dada wa kwenye simu:

"Endelea mbele, mke wangu. Mita mia mbili, kisha geuka kulia."

Aikande alicheka hadi machozi, lakini aligeuka kulia. Kwa kucheka akalipita geti la ukumbi.

"Si neno," ikasema sauti ya nyuma. "Geuza taratibu."

Ndafu akaingia kwa vigelegele, majani mdomoni. Wifi yake akamvuta pembeni: "Wee Aikande! Nani kakufundisha kuendesha mjini?"

"Mume wangu," akajibu. "Ameanza leo."

Funzo: Mtu akikosea njia, mwonyeshe kona inayofuata; ukimfokea, unamzidishia kupotea.